Saa kumi nyuma ya mlango: mtoto wa mbwa wa mtu aliyeajiriwa

Anayeishi Uyole na kufanya kazi katikati ya Jiji la Mbeya huondoka nyumbani kabla ya saa 1 asubuhi. Ofisi za umma hufunguliwa saa 1:30 na kufungwa saa 9:30 alasiri, lakini kati ya ofisi na nyumbani kuna barabara kuu yenye malori ya Tunduma, kuna Mwanjelwa ambako lazima ushuke ununue mboga, na kuna mvua. Ukifungua mlango wako saa 11 jioni umejitahidi. Hizo ni saa kumi, na si ajabu siku hizi nyuma ya mlango huo akawepo mtoto wa mbwa wa miezi miwili, aliyenunuliwa ili akikua alinde nyumba.

Kila mwenye mbwa mpya huuliza: anaweza kukaa peke yake kwa muda gani? Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu linabeba mambo manne yanayokwenda kwa mwendo tofauti: kibofu, tumbo, joto la mwili na akili. Matatu ya kwanza ni ya mwili tu. Hayafundishiki wala hayasikii kelele zako. Unayahudumia huku ukisubiri mnyama akue. La nne, yaani kubaki peke yake bila kuingiwa na hofu, ndilo linalofundishika. Nyumba nyingi hufanya kinyume chake. Mbwa anachapwa kwa kosa la kibofu, halafu upweke, ambao angeweza kufundishwa kuuvumilia, anaachiwa apambane nao mwenyewe.

Kipimo cha kibofu wanachotumia madaktari wa mifugo na wakufunzi wa mbwa ni chepesi: chukua miezi ya umri wake, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kubana mkojo. Wa miezi miwili saa 3, wa miezi minne saa 5. Na hicho ni kiwango cha juu, akiwa ametulia au amelala. Akiwa macho anacheza, nusu saa haipiti kabla hajakojoa. Baada ya kula, kinyesi hufuata ndani ya dakika 5 hadi 30, maana tumbo likipokea chakula utumbo nao huanza kusukuma. Hata mbwa mzima si vizuri kumbana kupita saa 8.

Kwa hiyo hesabu ya saa kumi haifungi, na hakuna ukali wa mwenye nyumba utakaoifunga. Njia ni mbili, na mara nyingi zote mbili huhitajika: mtu aje katikati ya siku, na mbwa apewe mahali halali pa kujisaidia wakati hujarudi.

Kuna ushauri unaozunguka sana kwamba umfungie kwenye sanduku dogo, kwa kuwa mbwa hapendi kuchafua anapolala. Hoja yenyewe ni ya kweli. Watoto wa mbwa wa wiki chache tu huanza kujivuta pembeni ya kiota ili wajisaidie. Sanduku linafaa usiku, mwenyewe ukiwa karibu wa kuamka kumtoa, na linafaa kwa saa moja au mbili za mchana. Ukimfungia humo kutwa nzima, atajisaidia humo humo kwa kukosa namna, atalala juu yake, na baada ya siku kadhaa ile silika ya kupenda usafi inakufa. Mbwa aliyezoea kulala kwenye uchafu wake ni kazi kubwa kumrudisha. Umemfundisha kwa bidii jambo ambalo hukulitaka.

Kinachofaa zaidi kwa mchana ni kizimba chenye pande mbili, na hapo sisi wa Nyanda za Juu tuna bahati ya mbao. Mabanzi yanayotoka kwenye viwanda vya Mafinga, jirani na shamba la miti la Sao Hill, na yale ya Njombe na Makambako, hayana bei ya kumtisha mtu. Zungushia kona ya veranda au stoo uzio unaofika kiunoni. Upande mmoja mwekee kitanda kilichoinuliwa kidogo juu ya sakafu, upande wa pili, mbali na chakula, tandika magazeti au maranda. Atachagua mwenyewe. Usitumie vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, maana vyote utakavyoweka humo vitatafunwa. Usimtandikie mfuko wa salfeti pia. Nyuzi zake za plastiki huchomoka, akazimeza, na utumbo ukaziba. Sweta kuukuu la mtumba lisilo na vifungo linatosha kabisa.

Sasa umerudi saa 11, na badala ya magazeti amechagua zulia. Anakuona, anainamisha kichwa, mkia unaingia kati ya miguu. Watu husema, "Si unaona anajijua amekosa!" Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alilipima jambo hili kwa mpango mzuri: wenye mbwa walitoka chumbani, wakarudi wakiambiwa mbwa wamekula chakula walichokatazwa, wakati mwingine ikiwa kweli na wakati mwingine si kweli. Ile sura ya hatia haikufuata kosa, ilifuata kugombezwa. Mbwa ambaye hakula kitu, akigombezwa, alijikunyata vilevile. Anachosoma ni uso na sauti yako. Kile alichofanya saa 4 asubuhi hawezi kukiunganisha na kofi la jioni. Anachojifunza ni kwamba mtu anayerudi nyumbani ni wa kuogopwa, na mbwa wa namna hiyo huanza kukojoa kila anapokuona ukiingia. Osha kwa maji na sabuni hadi harufu iishe, anika zulia juani, kesho mtoe nje mapema zaidi. Jiki usiimwage juu ya mkojo mbichi. Klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na mapafu, yako na yake.

Chakula kinahusiana moja kwa moja na ratiba yako. Kati ya wiki 8 na 12 tumbo lake ni dogo, anahitaji milo minne midogo kwa siku. Kuanzia hapo hadi miezi sita, milo mitatu inatosha, kisha miwili. Mlo wa asubuhi usiwe wa dakika ya mwisho kabla hujarukia bodaboda. Mpe saa 12, mtoe nje akamalize haja, ndipo uondoke. Mlo wa mchana ndiyo sababu nyingine ya kuhitaji mtu. Kuacha bakuli kubwa la ugali na dagaa lichachuke kwa saa kumi na nzi juu yake ni kumtafutia kuhara. Maji yawepo muda wote, kwenye chombo kizito kisichopinduka. Wapo wanaomnyima maji ili asikojoe, na huo ni ukatili ambao hata mkojo wenyewe hauuzuii.

Ugali mtupu haumkuzi mbwa. Anahitaji dagaa, utumbo uliochemshwa, yai. Lakini lililo zito zaidi ni ubora wa huo unga. Katika nyumba zetu mahindi yaliyoota ukungu hayatupwi, hutengwa "ya mbwa" au husagwa na pumba. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka sana kwenye ini. Kama mahindi hayawezi kuliwa na wewe, hayawezi kuliwa na kiumbe cha kilo tatu. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kwa mtu wa Rungwe ndiyo ukarimu wenyewe, huwaharisha wengi wao. Vitunguu, chokoleti na makadamia ni sumu kwake, mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama miiba, na kokwa la parachichi humkaba au kuziba utumbo. Penye mparachichi uani, okota yaliyodondoka kabla hujaondoka.

Baridi tunaijua. Juni na Julai, hasa Makete, Njombe na maeneo ya juu ya Mbeya, sakafu ya saruji humnyonya mtoto wa mbwa joto kutwa nzima, na akilowa ni mbaya zaidi. Chupa ya maji ya moto iliyovingirishwa kwenye kitambaa kizito, aweze kuisogelea na kuikimbia, inamtosha kwa saa za asubuhi. Hatari halisi ipo kwenye ile huruma ya kumwachia jiko la mkaa ndani ya jiko au stoo iliyofungwa. Mkaa unaoelekea kuzimika hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala moshi, na chumba kikiwa kimezibwa vizuri dhidi ya baridi ndivyo kinavyoua vizuri. Mbwa analala, haamki. Familia za watu hufa hivyohivyo.

Sasa akili.

Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, kwa hiyo sehemu kubwa ya kutokuwepo kwako angeweza kuimaliza usingizini, kama hana hofu. Hofu inatoka wapi? Hadi juzi alikuwa amelala juu ya ndugu zake sita na mama yao, hajawahi kubaki peke yake hata dakika moja. Watu humchukua Ijumaa jioni, wakambeba Jumamosi na Jumapili nzima, watoto wakigombania zamu, halafu Jumatatu saa 12:45 nyumba nzima ikatoweka. Kwa kiumbe kama huyo, kuachwa ni kufa.

Mafunzo yaanze hiyo hiyo Jumamosi. Akishakojoa, akala na kuchoka, mweke kwenye kizimba chake, toka kwa dakika moja, rudi bila sherehe. Kisha dakika tano, ishirini, saa. Kutoka kwako kusiwe na maagano, kurudi kusiwe na harusi. Akilialia kidogo ngoja anyamaze ndipo umfungulie, ili asijifunze kwamba kelele ndiyo ufunguo. Hapa lakini pana mpaka ambao watu wengi huuvuka kwa kufuata ushauri wa "mwache alie atazoea". Kulialia kwa dakika kumi au ishirini kisha akalala ni kawaida. Kulia kwa saa nzima, kutoa mate, kukwaruza mlango hadi kucha zinatoka damu, kukataa hata kugusa chakula, hiyo ni hofu kuu, na hofu haizoeleki kwa kuzidishwa. Rudi nyuma kwenye dakika ulizoweza. Ili ujue ni ipi kati ya hizo mbili, acha simu ya zamani ikirekodi sauti. Majirani wa nyumba ya kupanga nao watakupa taarifa, utake usitake.

Mwachie kazi ya meno. Kuanzia miezi mitatu au minne meno ya utoto hung'oka na fizi zinamsumbua. Karoti nzima au fundo la kitambaa cha jinzi litamshughulisha. Usimpe kiatu kikuukuu. Hajui tofauti kati yake na kile cha kuendea kanisani.

Fundo gumu kuliko yote ni hili linalofuata, na ndilo linalowakanganya hata watu makini. Kati ya wiki ya 3 na takriban wiki ya 12 hadi 14, akili ya mbwa hupokea watu, sauti na vitu vipya kama mambo ya kawaida ya dunia. Baada ya hapo, kipya huwa tishio. Jaribio la watafiti wa Marekani lililochapishwa mwaka 1961 lilikuza watoto wa mbwa ndani ya uzio mrefu bila kukutana na binadamu. Waliobaki humo hadi wiki ya 14 walipotolewa walikuwa kama wanyama wa porini. Upande wa pili kuna pavo, ugonjwa uliojulikana mwaka 1978 na kuenea duniani kote kwa muda mfupi, ambao virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Chanjo yake huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4, na haikamiliki hadi karibu wiki ya 16. Kwa hiyo daktari anakwambia usimtoe hadi wiki ya 16, na akili inakwambia ukingoja wiki ya 16 umechelewa. Wote wawili wana haki.

Unatokaje hapo? Pavo iko ardhini na kwenye kinyesi, haiko kwenye sura za watu wala kwenye sauti. Mbebe. Kikapuni au mapajani ndani ya bajaji atasikia mashine ya kusaga, kengele ya shule, honi za malori na kwaya ya jirani bila kukanyaga chini. Waalike watu nyumbani, wenye kofia, wenye miamvuli, wazee wa mikongojo, watoto, na waache viatu mlangoni, kwa sababu tope la soko huingia na pavo yake. Anaweza kucheza na mbwa wa ndugu yako mwenye kadi ya chanjo iliyokamilika. Asikanyage dampo, machinjio, sokoni wala pembezoni mwa barabara wanakozurura mbwa wasio na mwenyewe. Kama uani paliwahi kufa mtoto wa mbwa kwa kuhara damu, osha sakafu kwanza, kisha mwagia jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 30, ikae dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo. Tafuta ua mwingine.

Najua wapo watakaosema mbwa wa ulinzi hatakiwi kuzoea watu. Afungiwe gizani, na wengine humpa pilipili ili awe mkali. Pilipili humuunguza tumbo, basi. Mbwa aliyekulia gizani haogopi mwizi peke yake, anaogopa kila kitu, na mwenye hofu humng'ata aliye karibu, ambaye kwa kawaida ni mtoto wa nyumba hiyo. Kulinda ni kujua nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Aliyefungiwa kutwa hana namna ya kujua.

Tunarudi kwa mtu wa mchana, ambaye bila yeye yote niliyoeleza yanalegalega. Kwa mwenye dada wa kazi au mama mkwe nyumbani, jambo ni kuelewana tu, na uelewano huo uwe wa kweli. Dada aliyeajiriwa kulea mtoto na kupika hajaajiriwa kulea mbwa, mwongeze chochote. Kwa mpangaji anayeishi peke yake Ilomba au Kihesa, tazama uani: kuna mama anayeuza vitumbua na kushinda nyumbani, kuna kijana anayetoka shule saa 8. Dakika ishirini mara mbili kwa siku, saa 4 na saa 7, katika wiki za kwanza. Mara moja akifika miezi minne. Jirani Mwislamu usimweke kwenye mtihani. Wengi kati yao huepuka mate ya mbwa kwa ajili ya twahara, na anaweza kukubali kukufungulia mlango na kumwaga maji bakulini lakini asimshike. Muulize kwa adabu kabla, wala usimkabidhi ufunguo kwa mshangao.

Huyo mtu mwachie namba ya daktari wa mifugo na mwambie dalili tatu: amenyong'onyea hataki kucheza, anatapika, anahara damu yenye harufu kali. Pavo humkausha mtoto wa mbwa maji kwa saa chache na inaweza kumuua ndani ya siku mbili tatu. Akionekana hivyo saa 7 mchana, kusubiri urudi jioni ni kuchelewa. Ukienda kwa daktari kwa chanjo, uliza kama ilikaa kwenye friji, maana chanjo iliyopata joto njiani ni maji tu. Dawa ya minyoo asiikose pia, kwani minyoo huipata hata kabla ya kuzaliwa, tumboni mwa mama, na tena kwenye maziwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa akifika miezi mitatu.

Na kama mtu huyo hayupo kabisa? Basi usimchukue akiwa na wiki 8. Zungumza na anayekuuzia abaki na mama yake na ndugu zake hadi wiki ya 11 au 12, ukimlipia chakula na chanjo, au chukua mbwa wa miezi sita na kuendelea ambaye kibofu chake kimekomaa. Kuchukua wawili ili wafarijiane ni wazo linalovutia, lakini mara nyingi husikilizana wao kwa wao kuliko wanavyokusikiliza wewe, na magazeti ya kubadilisha yanakuwa mara mbili. Aliyeajiriwa ana siku 28 za likizo kwa mwaka kisheria, anaweza kuzipangia jambo hili. Walimu ndio wenye nafasi nzuri kuliko sisi sote. Likizo ya Juni ina baridi, lakini anayemchukua mtoto wa mbwa wa wiki 8 shule zikifungwa mapema Desemba atakuwa naye kwa takriban wiki tano za mvua nyumbani. Shule zikifunguliwa Januari mbwa huyo ana miezi mitatu, anabana mkojo saa 4, amepata chanjo ya pili ya pavo, na amekwisha kubaki peke yake mara nyingi kwa vipindi vifupi. Kwa anayeishi nyumba za shuleni, kengele ya mapumziko ya saa 4 inatosha kuvuka uwanja na kumfungulia.